Nani athibitishe muamala? Njia nne za PHP bega kwa bega

Oda imeingia. Amri ya kwanza inapunguza akiba ya bidhaa, ya pili inaandika oda yenyewe, ya tatu inamwongezea mteja pointi. Kabla ya ile ya tatu kufika, programu inaanguka. Hifadhidata ibaki na nini: yote, nusu, au hakuna? Jibu linategemea mahali ulipoiweka `commit()`, amri inayothibitisha muamala (kundi la amri linalofanikiwa lote au lisifanye chochote), na katika PHP kuna mahali panne panapotumika sana. Huenda hukuiweka popote, ukaiachia hifadhidata. Huenda uliiandika mwenyewe kwa PDO au mysqli, viunganishi vya PHP na hifadhidata. Huenda uliikabidhi kwa fremuweki. Au uliifunga kwenye ombi zima la HTTP: ombi likianza muamala unaanza, likiisha unathibitishwa.

Nimezitumia zote nne, na kila moja nimeijutia walau mara moja. Siku hizi kabla ya kuchagua hujiuliza swali moja tu: ni sehemu gani ya programu inayojua kwamba kazi imekwisha? Hiyo ndiyo naipa `commit()`.

Tuelewane kuhusu maneno. Kuthibitisha, yaani `commit()`, ni kuiambia hifadhidata kwamba mabadiliko yote tangu muamala ulipofunguliwa yawe ya kudumu. Kutengua, yaani `rollBack()`, ni kuyafuta yote kana kwamba hayakutokea. Mambo haya ni makongwe kuliko PHP: jina la ACID, sifa nne za muamala wa kuaminika, lilitolewa na Theo Härder na Andreas Reuter mwaka 1983, na PHP ikatoka 1995.

Halafu hakikisha kwanza kwamba majedwali yako yanaijua miamala. Katika MySQL, InnoDB, injini ya kuhifadhi inayoijua miamala, ndiyo ya kawaida tangu toleo la 5.5, lakini mifumo iliyorithiwa mara nyingi bado ina jedwali moja au mawili ya MyISAM yaliyosahaulika. Humo `rollBack()` haitengui kitu wala hairushi hitilafu, na ulinganisho wote unaofuata hauna maana.

Vigezo

Nimezipima njia zote kwa mambo manne. La kwanza, hitilafu ikitokea katikati, kazi inabaki katika hali gani. La pili, kasi, pamoja na muda ambao rekodi zinashikiliwa kwa makufuli huku watumiaji wengine wakisubiri. La tatu, kuingiliana: funksheni yenye muamala wake ikiitwa ndani ya funksheni nyingine yenye muamala, nini kinatokea? La nne ni nani inamfaa.

Sikuweka kigezo cha wingi wa mistari. Tofauti ya mistari mitano haijawahi kuokoa wala kuharibu data ya mtu.

Njia ya 1: Kuiachia hifadhidata

PDO ikifungua muunganisho huwa katika hali ya kujithibitisha. Kila amri ni muamala wake: inaanza, inafanya kazi, inathibitishwa, na wewe huandiki chochote.

*Hitilafu ikitokea.* Njia hii hudharauliwa kuliko inavyostahili. Amri moja ya SQL huwa yote au si kitu, hata ikigusa rekodi elfu kumi. Kwa hiyo kazi nyingi tunazozifungia muamala zingeweza kuwa amri moja tu iliyoandikwa vizuri:

```sql
UPDATE bidhaa SET akiba = akiba - 1
WHERE id = ? AND akiba >= 1
```

Ukiangalia `rowCount()`, idadi ya rekodi zilizoguswa, ukakuta 0, akiba ilikuwa imekwisha. Basi. Linganisha na msimbo unaosoma akiba kwa `SELECT`, ukailinganisha ndani ya PHP, kisha ukaandika thamani mpya. Huo una mwanya hata ukiuzungushia muamala. `SELECT` ya kawaida katika InnoDB na PostgreSQL haimzuii mwingine kubadilisha rekodi hiyo hiyo baada yako. Inabidi uongeze `FOR UPDATE`, inayoifunga rekodi hadi umalize. Nimeona watu wakizungusha `beginTransaction()` juu ya mwanya huo wakalala usingizi mnono.

Amri zikiwa mbili zinazotegemeana, hapo kinga imekwisha. Ya kwanza imeshathibitishwa, na hakuna wa kuirudisha ila msimbo wako.

*Kasi na makufuli.* Makufuli hushikwa kwa muda mfupi kuliko njia zote. Gharama iko kwingine: InnoDB kwa mpangilio wake wa kawaida, yaani `innodb_flush_log_at_trx_commit` ikiwa 1, husukuma kumbukumbu zake hadi kwenye diski kila muamala unapothibitishwa. Ukiingiza rekodi 20,000 moja moja, umeomba misukumo 20,000. Nyaraka za SQLite zinalieleza jambo hili waziwazi: kwenye kompyuta ya kawaida inaweza kupokea `INSERT` 50,000 au zaidi kwa sekunde, lakini miamala makumi machache tu.

*Kuingiliana.* Hakuna cha kuingiliana.

*Inamfaa nani.* Kurasa za kusoma tu, fomu zinazogusa jedwali moja, vihesabio, kumbukumbu za matukio.

Njia ya 2: Kwa mkono

Hapa ndipo wengi wetu tulipojifunzia, na bado ndiyo njia inayoonyesha kila kitu mezani:

```php
$db->beginTransaction();
try {
    $punguzaAkiba->execute([$idadi, $bidhaa]);
    $andikaOda->execute([$mteja, $bidhaa, $idadi]);
    $ongezaPointi->execute([$pointi, $mteja]);
    $db->commit();
} catch (Throwable $e) {
    if ($db->inTransaction()) {
        $db->rollBack();
    }
    throw $e;
}
```

*Hitilafu ikitokea.* Kila mstari hapo una kisa chake. Tuanze na `Throwable`. Tangu PHP 7, makosa kama `TypeError` si watoto wa `Exception`. Ukikamata `Exception` peke yake, kosa la aina linapita juu ya `catch` yako bila kugusa `rollBack()`. Katika ombi fupi huenda usione madhara, kwa sababu hati (skripti) ikiisha PDO hutengua muamala ulioachwa wazi. Katika mchakato unaoishi muda mrefu, kama mfanyakazi wa foleni (programu inayochukua kazi zinazosubiri moja baada ya nyingine), muamala unabaki wazi na kazi inayofuata inaangukia ndani yake. Hilo lilinipata: kazi iliyofuata ilikataliwa kwa ujumbe kwamba tayari kuna muamala unaoendelea, nami nikapoteza nusu siku nikichunguza kazi isiyo na hatia.

`throw $e` mwishoni ni ya lazima. Ukiiacha, aliyeita funksheni yako atadhani mambo yamekwenda sawa, amtumie mteja shukrani kwa oda isiyokuwepo.

`inTransaction()` ipo kwa sababu `rollBack()` yenyewe hurusha hitilafu pasipo muamala, na hitilafu hiyo mpya itaificha ile ya awali uliyokuwa ukiitafuta.

Kabla ya PHP 8.0, PDO ilikuwa bubu: amri ikishindwa ilirudisha `false`, na msimbo ukaendelea hadi `commit()` ukathibitisha nusu ya kazi. Toleo la 8.0 likaifanya irushe hitilafu bila kuombwa, na mysqli ikafuata katika 8.1. Ukiwa kwenye toleo la zamani, weka `PDO::ERRMODE_EXCEPTION` mwenyewe, la sivyo `try` yote hapo juu ni pambo.

Mtego mkubwa zaidi ni kuikamata hitilafu *ndani* ya muamala kisha ukaendelea, kwa mfano kupuuza rekodi iliyojirudia. Hapa hifadhidata hazifanani. PostgreSQL, amri moja ikishindwa, hukataa zote zinazofuata hadi muamala ufungwe, na ukituma `COMMIT` hujibu `ROLLBACK` bila kurusha kosa lolote. MySQL inakuacha uendelee. Upole huo una hatari yake: ukisubiri kufuli hadi muda uishe, kosa la 1205, kwa kawaida inayotenguliwa ni amri ile moja tu, si muamala mzima. Ukimeza kosa hilo na kuthibitisha, umeandika kazi yenye pengo katikati.

*Kasi na makufuli.* Nzuri, mradi ujitawale. Unafungua muamala dakika ya mwisho na kuufunga mapema. Zile rekodi 20,000 ukizifunga kwa mafungu ya elfu moja, misukumo inakuwa 20. Hasara huja pale mtu anapoingiza katikati jambo la polepole, kama kuita huduma ya mbali ya malipo. Huduma ikichelewa sekunde kumi, rekodi ya bidhaa imefungwa sekunde kumi kwa kila anayeitaka.

*Kuingiliana.* Dhaifu. PDO haikubali `beginTransaction()` ya pili ndani ya ya kwanza; inarusha hitilafu. Funksheni mbili nzuri, kila moja na muamala wake, haziwezi kuitana. Watu hupachika `if (!$db->inTransaction())` kila mahali, na baada ya miezi michache hakuna anayejua ni nani hasa anayethibitisha.

*Inamfaa nani.* Programu ndogo isiyo na fremuweki, hati za kuhamisha data, na yeyote anayetaka kushika usukani mwenyewe. Inamfaa pia anayejifunza. Andika hivi mara kumi kwanza, ndipo uiachie fremuweki.

Njia ya 3: Kuikabidhi fremuweki

Unaipa fremuweki funksheni. Yenyewe inafungua muamala, inaiendesha funksheni yako, na kuthibitisha ikirudi salama. Katika Laravel:

```php
DB::transaction(function () use ($oda) {
    $oda->punguzaAkiba();
    $oda->save();
    $oda->mteja->ongezaPointi();
}, 3);
```

Doctrine, maktaba ya PHP ya kushughulikia hifadhidata, ina `wrapInTransaction()`, na hata `flush()` yake ya kawaida huandika mabadiliko yote yaliyokusanywa ndani ya muamala mmoja.

*Hitilafu ikitokea.* Hitilafu yoyote ikitoka nje ya funksheni, muamala unatenguliwa na hitilafu inarushwa tena juu. Mambo manne uliyokuwa ukiyakumbuka kwa mkono yanafanywa kila mara, na hakuna siku yanayosahauliwa.

Lakini ishara ya kutengua ni hitilafu peke yake. Katika Laravel, `return false` ndani ya funksheni ile haitengui kitu: funksheni imerudi salama, muamala unathibitishwa. Waliozoea kurudisha `false` kama kilio cha msaada huumia hapa. Doctrine nayo ina desturi yake: hitilafu ikitokea ndani ya `wrapInTransaction()`, `EntityManager`, kitu kinachosimamia mabadiliko ya rekodi zako, hufungwa. Ukitaka kuendelea na kazi nyingine katika mchakato huo huo, inabidi upate mpya.

*Kasi na makufuli.* Kimsingi ni sawa na njia ya 2, isipokuwa ile `3` mwishoni mwa mfano. Miamala miwili inapofungiana, kila mmoja akisubiri kufuli la mwenzake, InnoDB huutengua mmoja kwa kosa la 1213. Si ajali, katika mfumo wenye shughuli nyingi ni jambo la kila siku, na dawa yake ni kuanza upya. Laravel itajaribu hadi mara 3 kabla ya kukuletea hitilafu. Kwa mkono ungeandika kitanzi mwenyewe, na mara nyingi hatukiandiki.

Kujaribu tena kuna sharti: funksheni iwe inaweza kuendeshwa mara mbili bila madhara. Ukiwa umetuma barua pepe ndani yake, mteja atapata mbili, pengine tatu.

*Kuingiliana.* Hapa njia hii inazipita nyingine. Laravel ikikuta muamala ndani ya muamala, huweka alama ya kurejea kwa amri ya `SAVEPOINT`. Ya ndani ikishindwa na ukaikamata, kinachotenguliwa ni cha ndani tu. Doctrine DBAL tangu toleo la 4 hufanya hivyo hivyo daima. Kumbuka lakini kwamba `commit` ya ndani haithibitishi kitu cha kudumu. Neno la mwisho ni la muamala wa nje kabisa.

*Inamfaa nani.* Timu yenye watu kadhaa, mfumo wenye tabaka la huduma (msimbo unaoratibu kazi nzima kama kupokea oda), na mahali ambapo funksheni huitana bila mpangilio unaotabirika. Haimfai sana asiyetumia fremuweki yoyote, ingawa funksheni kama hii mtu anaweza kujiandikia mwenyewe kwa mistari kumi na tano.

Njia ya 4: Muamala mmoja kwa ombi zima

Tabaka la kati (middleware), msimbo ambao kila ombi hupitia, linafungua muamala ombi linapoingia na kuuthibitisha jibu linapokuwa tayari. Django ya Python inao mpangilio wa namna hii, `ATOMIC_REQUESTS`. Katika PHP mara nyingi unajiandikia.

*Hitilafu ikitokea.* Kwa nadharia ni safi: ombi zima lifanikiwe au lisiache alama. Kwa vitendo, chunguza hitilafu zinaishia wapi. Laravel hugeuza hitilafu ya kidhibiti (controller), msimbo unaoshughulikia ombi, kuwa jibu la HTTP kabla haijalifikia tabaka lako la kati. Wewe unasubiri hitilafu kwenye `catch`, kumbe umepokea jibu lenye namba 500, na `commit()` inaendelea. Itabidi ulikague jibu lenyewe, kisha uamue kuhusu 422 (data isiyokubalika) na 403 (ruhusa imekataliwa): hayo nayo yatengue?

*Kasi na makufuli.* Dhaifu kuliko zote. Kufuli lililoshikwa mwanzoni mwa ombi linabaki hadi ukurasa umalize kuchorwa. Kwa paneli ya wasimamizi wachache hakuna atakayeona. Kwa ukurasa unaopigwa na umati wanaogombea rekodi zile zile, foleni itaanza, na InnoDB kwa kawaida humwacha mtu asubiri kufuli hadi sekunde 50.

*Kuingiliana.* Hakuna tabu, maana mwenye muamala ni mmoja tu.

*Inamfaa nani.* Mifumo ya ndani, fomu ndefu zinazogusa majedwali mengi, timu inayoanza na inayotaka kosa la kusahau liwe gumu kufanyika. Kazi za foleni na hati za terminali hazina ombi, kwa hiyo kwao hii haipo.

Yasiyotatuliwa na njia yoyote

Katika MySQL, `CREATE TABLE`, `ALTER TABLE`, `DROP TABLE` na hata `TRUNCATE` huthibitisha muamala ulio wazi bila kukuuliza. Ukifika kwenye `commit()` yako, PHP 8 itakwambia hakuna muamala. PostgreSQL inaruhusu kutengua mabadiliko ya aina hiyo, kwa hiyo hati ya uhamisho iliyoandikwa kwa moja isidhaniwe ni salama kwa nyingine.

Barua pepe, faili na kazi za foleni haziko ndani ya muamala. Ukiiweka kazi kwenye foleni kabla ya kuthibitisha, mfanyakazi mwepesi anaweza kuichukua na kuitafuta oda ambayo bado haionekani. Laravel ina `afterCommit` kwa ajili hiyo. Kwa mkono, kusanya ya kufanya kwenye safu na uyafanye baada ya mstari wa `commit()`.

Na muunganisho ukikatika wakati `commit()` yenyewe iko njiani, hujui. Huenda hifadhidata ilithibitisha na jibu likapotea. Kurudia bila kuuliza kunaweza kuandika oda mbili. Kinga ni kuipa kila oda ufunguo wa kipekee unaotoka kwa aliyeomba, ukawekewa kizuizi cha `UNIQUE`. Mara ya pili ikija, jedwali lenyewe litaikataa.

Kwa hali yako

Kama kila ombi lako linaandika amri moja, baki na njia ya 1 na utumie muda wako kuiandika amri hiyo vizuri.

Kama una Laravel au Doctrine na amri mbili au zaidi zinazotegemeana, ya 3 itakusumbua kidogo zaidi, na iwekwe kwenye tabaka la huduma, mahali panapojua kwamba oda imekamilika. Ndani ya modeli yenyewe, darasa linalowakilisha jedwali moja, ni mapema mno.

Kama huna fremuweki, tumia ya 2. Muamala wa pili utakapoanza kufanana na wa kwanza, utoe uwe funksheni. Umejitengenezea ya 3.

Kama umerithi mfumo mkubwa usio na miamala popote na unatakiwa kuzuia uharibifu wiki hii, ya 4 inakupa kinga pana kwa mabadiliko machache. Iweke kwenye maombi ya kuandika tu, uache ya kusoma, halafu pima muda wa maombi kabla na baada.

Kama unaingiza faili kubwa, tumia ya 2 kwa mafungu, na mwishoni mwa kila fungu hifadhi namba ya mstari uliofikia ndani ya muamala ule ule. Hati ikikatika, inaendelea kutoka hapo bila kuruka wala kurudia. Muamala mmoja kwa faili zima unavutia, lakini mstari mmoja mbaya karibu na mwisho utatengua kazi yote iliyotangulia, nayo hifadhidata itachukua muda kuifuta huku wewe ukitazama.

Na kama programu inachanganya hali hizi, changanya njia pia, ila chagua kwa kila kazi mmoja wa kuthibitisha, na uliandike hilo kwenye maelezo ya funksheni: «muamala unafunguliwa na aliyeniita» au «nafungua mwenyewe». Mstari huo mmoja ndio niliokuwa nikiutafuta ile nusu siku ya mfanyakazi wa foleni.